Upatanifu wa Matoleo katika Programu za Kanzidata: Mfano wa Microsoft Access

Makala haya yanachunguza tatizo linaloikabili kila taasisi inayohifadhi data zake, ziwe za wanafunzi, za vitabu au za vidahizo vya kamusi, kwa kutumia programu ya kuundia kanzidata. Toleo jipya la programu linapotoka, je, kazi iliyofanywa kwa toleo la zamani itaendelea kusomeka na kutumika? Toleo jipya likiipokea kazi hiyo bila dosari, husemwa kuwa linapatana na yaliyolitangulia. Kinyume chake, yaani toleo la zamani kuisoma kazi ya toleo jipya, ni jambo la nadra, na wengi huchanganya mambo haya mawili.

Microsoft Access, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, inafaa kuwa mfano kwa sababu umbo la faili zake limebadilika mara kadhaa. Badiliko kubwa lilikuja na Access 2000, ambayo iliacha kuhifadhi herufi kwa mfumo wa baiti moja na kufuata Unicode. Toleo hilo liliweza kuifungua kanzidata ya Access 97 bila kuigeuza, ila mtumiaji hakuruhusiwa kubadili muundo wa majedwali au fomu zilizomo. Access 97, kwa upande wake, haikuweza kabisa kuifungua faili iliyokwisha kugeuzwa. Kwa hiyo, ofisi yenye kompyuta kumi ililazimika ama kuzigeuza zote kwa mkupuo mmoja, ama kuyatenga majedwali katika faili ya umbo la zamani na kuyaunganisha na fomu za kila toleo. Njia hii ya pili ilikuwa ya busara zaidi, ingawa watu hawakuipenda kwa kuwa ilidai kazi ya ziada.

Hata hivyo, data si sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Udhaifu mkubwa umo katika msimbo. Kanzidata mpya iliyoundwa kwa Access 2000 ilitumia maktaba ya amri iitwayo ADO badala ya DAO, iliyozoeleka hadi Access 97. Maktaba zote mbili zina kitu kiitwacho Recordset. Mwandishi wa msimbo aliyenakili moduli yake ya zamani katika kanzidata mpya, kisha akaiongeza DAO chini ya ADO katika orodha, alipata ujumbe wa aina zisizolingana, kwa sababu jina lisilotajiwa maktaba yake hufasiriwa kwa ile iliyotangulia katika orodha. Tiba yake ilikuwa kuandika DAO.Recordset kwa ukamilifu. Kosa la namna hii lina nafuu, maana hujitangaza.

Makosa yasiyojitangaza ndiyo ya kuogopwa, na hapa mtafiti wa Kiswahili ana sababu yake mahususi. Alama iliyomo katika neno ng'ombe yaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, yenye namba 39, au iliyopinda, ambayo katika Windows ya Ulaya Magharibi ina namba 146. Katika jedwali la herufi la DOS, namba 146 ni Æ. Basi faili ya dBASE iliyoandikwa kwa mfumo mmoja na kusomwa kwa mfumo mwingine huweza kumleta mtafiti ngÆombe na ngÆambo. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, na idadi ya rekodi itakuwa ileile. Ni mwenye kuijua lugha tu atakayeona kwamba vidahizo vimeharibika.

Liko pia suala la faili za MDE, ambazo huhifadhi msimbo uliokwisha kukusanywa huku matini yake ya asili ikiwa imeondolewa. Faili kama hiyo iliyotengenezwa kwa Access 97 haigeuziki kuwa ya toleo jingine. Lazima ipatikane faili ya asili. Taasisi iliyokabidhiwa MDE peke yake na fundi wake haimiliki kazi iliyoilipia, hata kama risiti zote zimo kabatini.

Muda nao hauvumilii. Access 2007 ilileta umbo la ACCDB, ambalo halina mfumo wa zamani wa ulinzi kwa mtumiaji mmoja mmoja. Access 2013 iliacha kabisa kufungua faili za Access 97, hivyo mwenye faili hizo huhitaji kwanza toleo la kati, kwa mfano Access 2003 au 2010, ili azigeuze. Kabla ya kugeuza, nakala ya asili huwekwa kando bila kuguswa, na majedwali hutolewa pia katika matini ya kawaida isiyotegemea programu yoyote. Baada ya kugeuza, rekodi zenye ng' hukaguliwa kwa jicho, kwani kuhesabu rekodi peke yake hakutoshi.