Intaneti yetu inapita Ulaya juu ya nini?



Tuanze na mufano mudogo. Wewe uko Katuba, rafiki yako iko Ruashi. Wote muko Lubumbashi. Kwa pikipiki unafika kwake mbiyo. Unataka kusoma TFC yake, ameiweka kwenye ordinatere ya kazini kwake. Kama kampuni yako ya intaneti na kampuni yake haziunganishwe hapa mujini, ile TFC inaweza kutoka Kongo, ikafika Ulaya, kisha ikarudi Katuba. Ni kama kutuma barua kwa jirani kwa kupitia Bruxelles. Na ile safari inalipwa kwa dolari. Kampuni inalipa kwanza, kisha inaiingiza ndani ya bei ya mega tunazonunua.

Watu wengi wakisikia neno "kujitegemea katika teknolojia", wanajibu: "Sisi tutatengeneza Google yetu na feza gani?" Lakini kazi haianzie pale. Utegemezi uko na ngazi tatu, na kila ngazi iko na dawa yake.

Ngazi ya kwanza ni njia. Dawa yake inaitwa kituo cha kubadilishana intaneti. Si mutambo wa ajabu. Ni chumba kimoja chenye umeme wa hakika. Kila kampuni inaleta waya wake pale, na data ya hapa inabaki hapa. Kinshasa walifungua KINIX mwaka 2012. Kisha Lubumbashi ikapata LUBIX, na Goma GOMIX.

Kenya walianza mapema zaidi. Kituo chao kilifunguliwa mwisho wa mwaka 2000, kikafungwa kisha majuma machache, sababu kampuni kubwa ya telefone ililalamika kwamba inapoteza soko. Wenyewe hawakuacha. Kikafunguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2012, karibu 30% ya intaneti waliyotumia ilipatikana palepale ndani ya inchi. Kufika 2020 ikawa karibu 70%. Munaona? Shida ya kwanza haikuwa mashini. Ilikuwa watu kukubaliana.

Na jambo hili linatugusa sisi kabisa. Mbele ya mulango wa muto wetu Kongo kuko bonde kubwa chini ya bahari. Mwezi wa kwanza 2020, matope na muchanga viliteremuka ndani ya bonde lile zaidi ya kilomita 1,000, vikakata kable mbili za intaneti, SAT-3 na WACS. WACS njo ile inaingia kwetu Muanda. Mwaka 2023, kable zikakatika tena upande ule. Kituo cha hapa hakiwezi kushona kable ya bahari. Lakini kama masomo, orodha za wagonjwa na karatasi za serikali ziko ndani ya inchi, hata siku kable imekatika tunaweza kuendelea kuzifungua.

Njo tunafika ngazi ya pili: data inalala wapi? Hapa tuseme ukweli. Ukiandikia mutu kwa WhatsApp, ujumbe unapita kwa mashini za kampuni ya Marekani, hata kama munakaa nyumba moja. Kituo bila vitu vya hapa ni soko bila bidhaa. Iniversite ikiweka masomo yake yote kwa serveri ya mbali, LUBIX haitakuwa na kitu cha kutubebea. Sheria tuko nayo: Code du numérique ilitolewa mwezi wa tatu 2023. Jina letu la intaneti, .cd, liko pia. Lilichukua nafasi ya.zr ya wakati wa Zaire. Kinachokosekana sana ni watu wa kujaza soko.

Ngazi ya tatu ni ujuzi. Kujitegemea si kufunga mulango. Angalia DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya inatumia kukusanya hesabu za magonjwa. Ilizaliwa Oslo, Norway. Lakini kodi yake iko wazi: Mukongomani anaweza kuifungua, kuisoma, kuibadilisha na kuiweka kwenye serveri yake. Hakuna mutu wa kutuma faktire ya kila mwaka ao kutufungia siku moja. Kitu cha kigeni unachoweza kutengeneza mwenyewe kisha kuharibika, kile hakikufungi.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Inapita Kasumbalesa ndani ya makamyo, kisha inaturudilia ndani ya betri ya telefone. Tusikubali masomo yetu na majina ya wagonjwa wetu yafuate njia ileile.

Basi, wewe uliyesoma informatike, jifunze kuendesha serveri, si kuitumia tu. Wewe wa sheria, soma Code du numérique. Wewe mwalimu ao munganga, mbele ya kusaini programu mupya, uliza maneno matatu: Data yetu italala wapi? Nani iko na funguo? Siku tukiachana, tutaondoka nayo namna gani? Kama muuzaji anashindwa kujibu, usisaini.