Shimo Liishie Wapi?

Mchimbaji wa dhahabu upande wa Beni hufuata mshipa. Ukipinda, naye anapinda, na mwamba usio na kitu anauacha palepale. Mgodi wa wazi hauruhusu hilo. Ukitaka madini ya chini, kila kilicho juu yake kinaondoka kwanza, tena kuta za shimo zilazwe zisije zikaporomoka. Mkulima wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, hana haja ya kufundishwa mvua inavyoufanya mteremko uliokatwa wima.

Siku hizi kompyuta ndiyo husaidia kuamua shimo liishie wapi, na kazi yake inaanzia kwenye matundu. Wanajiolojia hutoboa ardhi, sampuli zinapimwa maabara, kisha programu inaugawa mlima mzima kuwa maboksi. Yaliyo kati ya tundu na tundu hukadiriwa kwa hesabu iliyoanzia kwa Danie Krige wa Afrika Kusini mwaka 1951.

Tuchukue boksi la mita 10 kila upande. Mwamba wake una tani 2,700 hivi. Likiwa na gramu 2 za dhahabu kwa tani, jumla ni gramu 5,400. Kiwanda kikiokoa asilimia 90, zinabaki 4,860. Tuseme gramu moja ni dola 60: zaidi ya dola 290,000. Inavutia. Lakini boksi hilo likiwa la tano kutoka juu, na kuta zikilazwa nyuzi 45, kuna maboksi 164 ya kuondoa kwanza. Kwa dola 3 kwa tani, hizo ni dola 1,328,400. Hasara tupu! Ila likizungukwa na majirani wenye dhahabu, gharama hiyohiyo inagawanywa na hesabu inageuka. Sasa maboksi yapi yaende pamoja, wakati mgodi mkubwa unaweza kuwa nayo mamilioni? Helmut Lerchs na Ingo Grossmann walichapisha njia ya kupata jibu bora kabisa mwaka 1965, nchini Kanada, na wazo lao bado limo katika programu za leo.

Bora, lakini kwa takwimu ulizoiingizia. Bei ikipanda, shimo linapanuka. Mwamba ukiwa dhaifu, kuta zinalazwa zaidi na taka inaongezeka. Mhandisi anayenionyesha mchoro mmoja tu simwamini. Alete wa bei ya juu, wa bei ya chini, na wa ukuta mbovu.

Tena kuna walio juu ya ardhi. Kule kwenye mgodi wa Kibali, Haut-Uélé, dhahabu ya kwanza ilitoka mwaka 2013, na familia zaidi ya 4,000 zilihamishwa kupisha mgodi, nyingi zikipelekwa Kokiza. Programu haioni nyumba wala makaburi. Gharama ya kuhamisha kijiji isipoandikwa kwenye maboksi yaliyo chini yake, au mpaka usipowekwa kwa mkono, kijiji kitachorwa ndani ya shimo kana kwamba ni pori.