Breki Mbili za Seli

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kansa ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo madaktari huiita retinoblastoma. Tumeichagua kwa sababu katika kazi yetu tuliketi na mama mmoja aliyelaumiwa na wakwe zake kwamba ameleta laana nyumbani.

Mwili umejengwa kwa seli, vijichembe hai visivyoonekana kwa macho. Seli moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, na ndivyo mtoto akuavyo. Lakini ukijikata kwa panga, ngozi huota mpaka jeraha lizibe, kisha huacha. Ni nani aliyeiambia basi? Amri hiyo imo katika jeni tulizorithi kwa baba na mama.

Fikirini lori linaloteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Lina breki ya mguu na breki ya mkono. Moja ikikatika, dereva aweza bado kujiokoa. Zikikatika zote mbili, sote twajua mwisho wake. Basi, kuna jeni iitwayo RB, na kila seli inazo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Moja ikiharibika, ya pili yatosha. Zikiharibika zote mbili katika seli moja ya nyuma ya jicho, seli ile haishikiki tena. Huzaana, na wazao wake wote hawana breki.

Mwaka wa 1971 daktari Alfred Knudson wa Marekani alichunguza habari za watoto 48, akaeleza kwamba lazima zitokee ajali mbili. Wanaougua macho yote mawili, tena mapema, wamezaliwa na ajali ya kwanza tayari. Walio wengi huugua jicho moja, na kwa kawaida ajali zote mbili zilitokea humo jichoni. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka wa 1986.

Kwa hiyo yule mama hakulogwa, wala hakula kitu kibaya. Hata ajali ya kwanza ikiwa ya kurithi, hakuna mzazi aliyeichagua.

Mkiona mboni ya mtoto yang'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, au katika picha, au ana makengeza, mpelekeni hospitali upesi, msingoje mavuno. Ugonjwa ukiwa ungali ndani ya jicho, watoto wengi hupona kwa matibabu, ingawa huenda jicho likatolewa. Hapo wazazi wengi hukataa, nasi twaelewa uchungu wao. Lakini ukishafuata mshipa wa jicho hadi ubongoni, kuutibu ni vigumu sana.

Mtoto wa mama yule yuko darasa la tatu, na jicho lake moja. Mdogo wake hupelekwa kliniki kupimwa macho kila baada ya miezi michache.