Karatasi ya Mganga juu ya Moyo

Mtu akipigwa picha ya mishipa ya moyo hupewa karatasi yenye maneno magumu. Tuyafumbue. Moyo wenyewe hulishwa damu na mishipa miwili, wa kuume na wa kushoto. Wa kushoto hugawanyika kuwa matawi mawili makubwa. Mafuta yakishikamana ndani, njia husonga. Karatasi ikisema «70 kwa mia», maana yake njia imepungua upana kiasi hicho, wala si kwamba moyo umekufa kiasi hicho. Lakini mwenye 30 asijione mzima kabisa: donge dogo la mafuta nalo laweza kupasuka, damu ikaganda na kuziba njia ghafula. Basi tumwulize mganga: mshipa upi, mahali gani, dawa gani? Na tumbako tuiache leo.