Mechi 48 Zilizobaki Mezani

Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji wa besiboli ya kulipwa Marekani na Kanada waligoma, na mwezi mmoja baadaye fainali yao, World Series, ikafutwa. Ilikuwa haijawahi kukosekana tangu mwaka 1904. Siku mgomo ulipoanza, Montreal Expos walikuwa wameshinda mechi 74 na kupoteza 40, na hakuna timu iliyokuwa na matokeo bora kuliko hayo. Walibakiza mechi 48.

Mechi hizo zinachezwa hadi leo, mezani, kwa kadi na dadu. Wapo watu wanaochukua msimu mzima uliopita na kuucheza upya, mechi kwa mechi, huku wakiandika kila tukio daftarini. Mchezo unaotumiwa sana ni Strat-O-Matic, uliotolewa mwaka 1961 na Hal Richman. Kila mchezaji ana kadi yake, iliyopangwa kutokana na takwimu zake za msimu ule.

Unarusha dadu tatu. Ya kwanza ikitoa 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji. Ikitoa 4 hadi 6, ya mrushaji, na namba yenyewe ndiyo safu ya kusoma. Mbili zilizobaki unazijumlisha. Hapo ndipo ufundi ulipo: jumla ya 7 hupatikana kwa njia sita, lakini 2 kwa njia moja tu. Tukio linalostahili kutokea mara nyingi huwekwa karibu na 7, la nadra husukumwa pembeni. Tuseme anapiga Tony Gwynn wa San Diego. Dadu ya kwanza inasimama kwenye 2, nyingine kwenye 3 na 4. Kidole kinashuka safu ya pili ya kadi yake hadi mstari wa 7, na kinachosomeka pale ndicho kilichotokea. Unashika penseli, unaandika, zamu inakwenda kwa mwingine.

Msimu kamili wa mwaka ule, timu 28 zikicheza mechi 162 kila moja, ni mechi 2,268. Ukicheza moja kila siku utamaliza baada ya miaka sita na ushei. Wengi huchagua timu moja.

Hadi tarehe 11 Agosti kazi ni nyepesi, kwa sababu watu wa kujitolea wa Retrosheet, iliyoanzishwa mwaka 1989, wamekusanya kumbukumbu za mechi, na unaweza kupanga kikosi kilekile kilichopangwa siku ile. Kuanzia mechi ya 115 hakuna wa kumuuliza. Wewe ndiye kocha Felipe Alou. Na mtego upo: mchezaji wa akiba aliyepata zamu 30 tu na kubahatika mara 12 ana kadi kali kuliko nyota wa timu. Ukimpanga kila siku hujaucheza msimu wa 1994 tena, umetunga wako.

Mtego huo unamgusa hata Gwynn, na hili ndilo ninalotaka lieleweke zaidi. Mgomo ulimkuta na mapigo salama 165 katika zamu 419, yaani wastani wa 0.394. Mapigo matatu zaidi katika zamu zilezile yangemvusha 0.400, kiwango ambacho kwa rekodi za wakati ule hakuna aliyekuwa amekifikia tangu Ted Williams mwaka 1941. Je, angefika? Tuchukulie alibakiza zamu 170. Kadi inamchukulia kuwa ni mpigaji wa 0.394 kwa asili, na kwa hesabu yangu dadu zitamfikisha karibu mara tatu katika kila kumi. Lakini wastani wake wa maisha yote ya uchezaji ni 0.338. Hata tukimkadiria kwa ukarimu kuwa mpigaji wa 0.350, nafasi inashuka hadi kama mara nne katika mia. Kadi inakumbuka alichofanya. Haiwezi kutenganisha uwezo wake na bahati iliyomwendea vizuri miezi minne.

Kwa Expos hesabu ni ya huruma zaidi. Walikuwa mbele ya Atlanta kwa mechi sita. Hata tukisema timu hizo mbili zililingana nguvu kabisa kuanzia siku ile, Atlanta wangewapita kama mara moja tu katika tisa. Mwaka uliofuata Larry Walker, Marquis Grissom, Ken Hill na John Wetteland walikuwa wamekwishaondoka, na mwaka 2005 klabu yenyewe ilihamia Washington. Kikosi kile hakikukutana tena.

Kwa hiyo namshauri anayeanza asizicheze mechi zile 48 mara moja tu. Azirudie mara tano, mara kumi, kila safari kwa ukurasa mpya, na asichane ule ambao Atlanta wamechukua nafasi ya kwanza.