Daktari wa Utafiti, Daktari wa Mahakamani: Mkazi Aulize Nini?

Mkazi wa Laini Saba au Gatina akiingia kituo cha afya akiwa na homa, anajua daktari yuko pale kwa ajili yake. Lakini zipo kazi mbili ambazo daktari huyo huyo anaweza kuzifanya huku mgonjwa si yeye aliyemtuma. Moja ni utafiti wa dawa na chanjo, ambapo daktari anatafuta jibu la swali litakalowafaa watu wengi. Nyingine ni ushahidi wa kitaalamu, ambapo anaieleza mahakama alichokiona kwenye mwili wa mtu. Kazi zote mbili zimefika Kibera na Kawangware, na wengi hukutana nazo bila kujua kwamba daktari amebadilisha kofia.

Kibera inafahamika kwa watafiti. Tangu miaka ya 2000, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, pamoja na shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, zimekuwa zikifuatilia afya ya familia za vijiji vya Gatwekera na Soweto. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba, na waliougua walitibiwa bila malipo katika kliniki ya Tabitha. Kati ya 2007 na 2009, damu ya wagonjwa wenye homa ilioteshwa maabara kutafuta homa ya matumbo, yaani taifodi. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ikilinganishwa na 29 katika eneo la mashambani magharibi mwa Kenya. Watoto wadogo ndio walioumia zaidi. Takwimu za aina hiyo ndizo hutazamwa nchi inapoamua kama inahitaji chanjo, na Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi.

Si kila utafiti unaofika huko. Mwaka wa 2001, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Oxford walianza kuwajaribia Wakenya waliojitolea chanjo ya virusi vya UKIMWI. Chanjo hiyo haikuamsha kinga iliyotarajiwa, ikaachwa. Huko si kushindwa kwa waliojitolea. Jaribio hufanywa kwa sababu jibu halijulikani, na hili ndilo jambo ambalo mkazi anapaswa kulielewa kabla ya kutia sahihi: dawa ya majaribio si matibabu yaliyothibitishwa, na huenda akawekwa katika kundi lisilopewa dawa hiyo kabisa.

Kwa hivyo anayealikwa ana haki ya kuuliza. Je, utafiti umepitishwa na kamati ya maadili? Una leseni ya NACOSTI? Ikiwa ni dawa au chanjo, Bodi ya Dawa na Sumu imeidhinisha? Nikidhurika, nani atanitibu, na bima ipo? Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa, apewe nakala aende nayo nyumbani, na akitaka kujiondoa katikati asinyimwe matibabu yake ya kawaida. Pesa za nauli ni za nauli. Anayemwambia jirani kwamba "kuna doo, kuja tu" amemficha jambo la maana.

Kofia ya pili huvaliwa mara nyingi baada ya kisa kibaya: kupigwa, kunajisiwa, kugongwa na bodaboda. Hapa ndipo fomu ya P3 inapoingia. Hutolewa na polisi baada ya kisa kuandikwa kwenye OB, na haiuzwi. Daktari hupima jeraha na kuandika uzito wake kisheria. Kwa aliyedhulumiwa kingono kuna pia fomu ya PRC, ambayo afisa wa kliniki au muuguzi anaweza kuijaza. Matibabu katika hospitali za umma ni bure kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

Kosa linaloumiza kesi nyingi hutokea kabla daktari hajamwona mtu. Mwathiriwa huoga, mama hufua nguo za mtoto, jamaa hukaa siku nne wakizungumza na familia ya mshukiwa. Hospitali iendewe kwanza, hata kabla ya polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72. Nguo ziwekwe kwenye karatasi au bahasha ya khaki, kwani mfuko wa plastiki huzifanya zivunde.

Mbele ya hakimu, kwa mfano katika Mahakama za Kibera, daktari si shahidi wa kumtetea mlalamishi. Sheria ya Ushahidi inamruhusu kutoa maoni kwa sababu ya utaalamu wake, na wakili wa upande wa pili ana nafasi ya kumhoji. Anaweza kusema jeraha lina umri gani na huenda lilisababishwa na kitu cha aina gani. Nani alilisababisha, hilo ni la mahakama. Wala kukosekana kwa jeraha hakuzimi kesi: Mahakama ya Rufani ilisema mwaka wa 2006, katika rufaa iliyosikilizwa Mombasa, kwamba ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mwathiriwa mwenyewe.

Katika kesi za fidia ya ajali mambo huwa na mvutano zaidi. Wakili wa majeruhi humpeleka kwa daktari mmoja, kampuni ya bima humpeleka kwa mwingine, na asilimia za ulemavu zinaweza kutofautiana sana. Hakimu halazimiki kumfuata yeyote. Hutazama nani ameeleza sababu zake, na kama ripoti inalingana na kadi ya matibabu ya siku ya kwanza. Majeruhi aliyetupa kadi hiyo, picha za eksirei na risiti amemwachia daktari wake kazi ya kukisia. Kesi ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.