Mtoto amesimama, au anasubiri maji?

Msomaji wa Msimbati, Mtwara, ameniandikia kwa hofu. Mwanawe wa kiume, miezi saba, amepimwa nyumbani kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 67, urefu uleule wa mwezi uliopita. Shemeji yake aliyeko Muscat akaziingiza tarakimu hizo kwenye programu ya simu. Mwezi uliopita mtoto alikuwa karibu “asilimia 40”. Sasa “asilimia 15”. “Mwanangu anafeli?” anauliza.

Hafeli, dada. Kilichokutisha ni neno. Asilimia tumezizoea kwenye mitihani, na 15 ya mtihani ni aibu. Hapa maana yake ni nyingine: wapange watoto 100 wenye afya wa umri wake, wavulana tu, kuanzia mfupi kabisa, wako ni wa 15 hivi. Badala ya asilimia nilitamani tuseme “uwangapi”, maana Kiswahili kina swali tamu la “wa ngapi?”. Nimeliacha, kwa sababu mzazi akilisikia anaiona ripoti ya shule. Nimechagua safumia: safu ya watoto mia. Kwenye safu hakuna anayepewa zawadi wala anayerudia darasa. Safu yenyewe ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, kwa vipimo vya watoto wa miji sita, na mmojawapo ni Muscat huohuo.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe. Mwaka 1992 mtafiti Michelle Lampl na wenzake walichapisha vipimo vya watoto 31, baadhi yao wakipimwa kila siku. Tulidhani mtoto hurefuka kidogo kidogo, kama mshumaa unavyopungua. Sivyo walivyoona. Mtoto alikaa siku 2 hadi 63 bila kuongezeka urefu unaopimika, kisha akachupa: nusu sentimita hadi sentimita 2.5 kwa mchupo mmoja. Asilimia 90 hadi 95 ya muda wake hakuwa akirefuka kabisa!

Mtu wa Mtwara hahitaji maabara kulielewa hili. Amekwishasubiri pantoni Kilambo. Unafika mto Ruvuma, maji yamekupwa, mchanga uko nje, pantoni limetulia. Mgeni anayelitazama saa hiyo ataapa kwamba ni bovu. Mwenyeji ananunua muhogo, anakaa kivulini. Muda huo magari yanapangwa, mizigo inafungwa, injini inakaguliwa. Bahari ikijaa na kuupandisha mto, pantoni linaelea, na kabla hujamaliza muhogo uko ng’ambo. Mfupa nao una gati lake: gegedu karibu na ncha zake, ambako chembe hai hujipanga kama sahani kabatini, huongezeka, huvimba, kisha nafasi yake huchukuliwa na mfupa. Na maji yanapokaribia kujaa, mtoto hutoa dalili. Mwaka 2011 Lampl alionyesha kwamba watoto hulala zaidi kabla ya kurefuka, na mchupo huonekana ndani ya siku chache.

Rudi sasa kwa mwanao. Hakurudi nyuma hata milimita. Ni safu iliyosogea mbele akiwa amesimama. Akichupa sentimita moja na nusu tu, yuko tena karibu na wa 40.

Wapo wanasayansi wanaobishana na Lampl, na udumavu upo: utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano. Uzito ukishuka, au mstari wa kadi ukilala miezi mfululizo, nenda kliniki usingoje.

Siku ya kliniki omba apimwe kwenye ubao, mtu mmoja akishika kichwa, mwingine akinyoosha magoti. Goti lililokunjwa kidogo huiba sentimita nzima. Na akilala mchana kupita kawaida, lakini akiamka ananyonya vizuri na ni mchangamfu, mwache alale. Huenda maji yanajaa.